Mtu wa Nusu Siku

Ofisini walimwita Mama Kabati, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa karani wa wapimaji ardhi, katika ofisi ya vyumba viwili iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Chumba chake kilikuwa na makabati manne ya chuma yaliyojaa viwanja vya watu. Ukimtajia jina lako tu, alikuwa ameshanyanyuka, amevuta droo, amezamisha mkono na kuibuka na faili lako kabla hujamaliza kueleza shida yako. Injinia, mwenye ofisi, alizoea kuwaambia wateja kwa maringo kwamba yeye ana kompyuta mbili, moja inatumia umeme na nyingine inatumia chai.

Kitu ambacho Injinia hakukijua ni kwamba kwa mwaka mzima sasa Mama Kabati alikuwa hayaoni mafaili hayo. Alikuwa anayapapasa.

Ugonjwa ulimjia kwa kunyata. Kwanza alianza kugonga bega kwenye fremu za milango, akajiambia ni haraka zake. Halafu akamwaga chai pembeni ya kikombe, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alipofika kwa daktari wa macho aliambiwa ni presho ya macho, kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia limebakiwa na kidirisha kidogo katikati.

"Matone haya yatalinda kilichobaki," daktari alimwambia. "Kilichokwenda, mama, hakirudi."

Na hicho kidirisha chenyewe kiliendelea kuingia ukungu. Akiileta karatasi hadi puani, chini ya taa, aliweza kuokota neno moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Tatu na nane zilikuwa zimeshakuwa ndugu mapacha.

Hakumwambia mtu isipokuwa mdogo wake, fundi cherehani, ambaye aliishi naye nyumba moja. Mama Kabati alikuwa mjane, na mdogo wake alikuwa na mume aliyeaga siku moja kwamba anakwenda kununua betri za redio, akapotelea hukohuko na betri zake.

"Waambie, dada," mdogo mtu alimsihi zaidi ya mara moja, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Niwaambie nini? Kwamba karani wao ni kipofu? Watanipa mkono wa kwaheri kabla chai haijapoa."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

Na kweli, kwa muda mrefu hakukosea. Alijikaza kisabuni. Aliwahi kufika ofisini kabla ya wote ili apate saa nzima ya kuzibandika karatasi usoni bila kuonekana. Kuchapa alichapa kwa vidole tu, kama alivyofundishwa ujanani. Mteja akija, alimwambia, "Hebu nisomee namba yako mwenyewe, mwanangu, nisikie kama unakijua kiwanja chako." Watu walicheka, wakasoma, naye akapata alichokitaka. Akirudi nyumbani alikuwa hoi, shingo imekauka kama kuni, kwa sababu siku nzima alikuwa anaigiza mtu anayeona.

Kosa likatokea asubuhi ya kawaida kabisa. Mwalimu mkuu mstaafu alipanda ngazi kwa kishindo, akatua juu ya meza ya Mama Kabati kitu kizito kilichomwaga udongo juu ya karatasi. Alikigusa. Kilikuwa kigingi cha chuma, bado kina utepe wa wapimaji.

"Nimeking'oa katikati ya kabichi zangu!" mzee alifoka. "Vijana wenu wamepitisha mpaka ndani ya bustani yangu. Nawauliza nani kawatuma, wananionyesha karatasi. Kiwanja mia na themanini na nane. Mimi nakaa mia na themanini na nane tangu hao vijana hawajazaliwa, na sijaita mpimaji!"

Aliyeita mpimaji alikuwa mtu wa mia na themanini na tatu. Fomu ilijazwa na Mama Kabati, kwa mkono wake.

Injinia alimtuliza mzee, akamsindikiza mpaka chini, akarudi na kufunga mlango. Ofisi aliirithi kwa baba yake, na Mama Kabati alimjua tangu anavaa kaptura ya shule.

"Mama, kaa," alisema.

Alikaa.

"Mimi ndiye wa kulaumiwa. Kazi ya watu watatu nimekuachia peke yako. Umechoka, naona kabisa. Tafuta mtu wa nusu siku, wa asubuhi, akusaidie mafaili na barua. Bandika tangazo, waone mwenyewe, chagua mwenyewe. Mimi nitatia saini tu." Kisha akaongeza, "Lakini mama, hili lisirudie. Mwezi ujao tunaanza kupima mtaa mzima. Namba moja ikienda kombo mle ndani, hatuna ofisi tena."

Alipomsimulia mdogo wake, huyu aliachia cherehani na kupiga makofi. "Si ndiyo hayo! Amekupa macho ya bure."

"Amenipa shahidi," Mama Kabati alijibu. "Mtu akikaa meza moja na mimi, atanigundua siku ya kwanza kabla ya saa nne. Sasa nitampata wapi mtu mwenye macho asiye na mdomo?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha wiki nzima. Barua za maombi zilikuja tisa. Jumamosi mchana mdogo wake alimsomea zote barazani, moja baada ya nyingine, kila moja na maoni yake. "Huyu amejisifu mpaka wino umemwishia. Huyu ameandika 'mheshimiwa' mara saba, atakuchosha. Huyu mwandiko wake mzuri, lakini ameandika kwa mkono, siku hizi nani anaandika kwa mkono?" Mwisho walibakiza tatu. Mdogo mtu alizipanga kwa zamu ya kuingia, ya kwanza juu, ya mwisho chini, akazitia ndani ya jalada.

"Usizichanganye tu," alisema. "Hapo ndipo ulipo usalama wako."

Jumatatu, Mama Kabati alikigeuza kiti chake ili dirisha liwe mgongoni mwake na mwanga umpige mgeni. Alijua akikaa hivyo uso wake hautasomeka vizuri.

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, ana shahada, amejipaka manukato ya kutosha watu wanne. Mama Kabati alimwita Bwana Tai moyoni, kwa sababu kila baada ya sentensi mbili alisikia kitambaa kikivutwa shingoni. Alijibu kila swali kabla halijakamilika.

"Na mimi nina swali, mama," alisema. "Nafasi hii itageuka ya siku nzima lini? Maana yangu, samahani sana, wewe unastaafu lini?"

"Bado nipo kidogo."

"Hamna neno. Mbona skrini yako ina maandishi makubwa namna hii? Ngoja nikurekebishie." Na mkono wake ukawa umeshafika kwenye kompyuta.

"Acha hapo!" Mama Kabati alisema kwa sauti iliyowashtua wote wawili. Alimshukuru, akamwambia atapigiwa simu, na Bwana Tai akaondoka akijua fika kwamba simu hiyo haitalia. Mama Kabati aligeuka haraka kuizima skrini, kiwiko kikalisukuma jalada likaanguka, barua zikatawanyika sakafuni.

Aliyeziokota alikuwa wa pili, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Alikuwa mama kijana, sauti ndogo kama ya mtu anayeomba njia. Aliziweka mezani, akasubiri kuambiwa akae.

"Unajua kupanga mafaili?"

"Ndiyo mama."

"Saa mbili kamili asubuhi utakuwa umefika?"

"Ndiyo mama."

"Mambo ya ofisi, utayapeleka nje?"

"Ndiyo ma... Hapana mama! Hapana."

Mama Kabati alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mtu kama huyu, alijiambia, ukimwambia anyamaze, atanyamaza.

Wa tatu aliingia polepole. Mguu wake ulikuwa mzito na sauti yake imekwaruza, kana kwamba ana mafua yasiyopona. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliwahi kuwa karani wa shule mpaka shule ilipofungwa, na sasa alikuwa akitoa kopi kwenye kibanda cha mtu karibu na posta. Majibu yake yalikuwa mafupi, hayana madoido. Mama Kabati alimuuliza aliyomuuliza, halafu akafanya alilolisahau kwa wa pili, la kumpima usomaji. Alivuta barua iliyokuwa chini kabisa, akamsogezea.

"Nisomee barua yako, nisikie."

Chini dukani mtu alikuwa anajaribu kengele za mlango, moja baada ya nyingine.

"Mama," yule mwanamke alisema, "hii siyo yangu. Hii imechapwa kwa mashine, tena ya mwanamume. Yangu nimeandika kwa mkono, kwa wino wa bluu."

Mama Kabati aliivuta barua haraka. "Aa, samahani. Nimesahau miwani."

"Miwani unayo usoni, mama."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mama Kabati akajikuta ameinama juu ya meza, anazungumza kwa kunong'ona, maneno yakimtoka asiyoyapanga.

"Nikupe kazi hii leo. Sasa hivi. Wengine nitawaambia imejaa. Utanisomea namba tu, na barua, basi. Nimebakiza miaka minne nistaafu. Minne tu, mwenzangu. Nisaidie."

"Namba nitakusomea zote," yule mwanamke alisema. "Kusoma siyo shida. Lakini bosi wako akiniuliza, sitamdanganya. Kiwanja ni makazi ya mtu, mama. Mwambie kwanza, halafu niite. Nitakuja hata kesho."

"Nikimwambia hakuna kesho."

"Basi mimi siwezi."

"Haya, nenda," Mama Kabati alisema, na sauti yake ilikuwa imekuwa baridi. "Nenda zako."

Yule mwanamke aliinuka. Mlangoni alisimama. "Ngazi yenu, ubao wa pili kutoka juu umelegea. Ukishuka, shikilia upande wa ukuta."

Nyumbani, mdogo wake alipopewa habari alimbatiza jina papo hapo, Bibi Mkwaruzo, akamtetea. "Huyo ndiye mtu wako, dada."

"Huyo ndiye kaburi langu. Kesho namwita yule wa ndiyo mama."

Wiki mbili za kwanza zilikuwa kama likizo. Ndiyo-Mama alifika mapema, alifuta makabati, alisoma barua kwa sauti ya chini bila kuulizwa kwa nini. Mama Kabati alimwambia macho yanamsumbua kidogo, vumbi tu, naye alijibu alivyojibu siku zote. Injinia alipita akasema ofisi imechangamka. Mama Kabati hakuhitaji tena kuwahi ofisini kabla ya wote.

Lakini Ndiyo-Mama alikuwa na tatizo ambalo mtu mwenye macho angeliona usoni mwake. Aliogopa. Kazi hii aliitafuta muda mrefu mno, na aliona njia ya kuilinda ni kutokumpinga mkubwa wake hata kwa nukta. Mama Kabati, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitatu, hakuuliza maswali, alithibitisha tu. "Hii ni ya kitalu cha pili, siyo?" "Ndiyo mama." "Namba arobaini na moja, eti?" "Ndiyo mama." Mara nyingi Mama Kabati alikuwa sahihi. Mara chache hakuwa, na jibu lilikuwa lilelile.

Mwezi wa pili wa kazi yao pamoja, akaja mjane aliyekuwa na kesi ya mpaka kwenye baraza la ardhi. Jirani yake alikuwa amesogeza uzio hatua nne ndani ya kiwanja chake, na safari tatu baraza lilikuwa limeahirisha. Safari hii alitakiwa kupeleka barua ya mpimaji. Barua iliandikwa, ikapigwa mhuri, akaenda nayo. Wiki iliyofuata alirudi, akaketi kwenye benchi la wateja bila kusema kitu, mpaka Injinia mwenyewe akatoka kumuuliza ana shida gani.

"Sina shida na mtu," mjane alisema. "Nimekuja kuwaonyesha tu. Barua yenu ina namba ya kiwanja cha jirani. Mwenyekiti ameisoma mbele ya watu wote. Amesema kama wapimaji wangu wenyewe wanasema pale ni pa jirani, yeye afanye nini. Kesi imetupwa." Alipumua. "Kesho kutwa wanabomoa jiko langu, limo ndani ya zile hatua nne. Nilitaka mjue."

Hakupandisha sauti. Mama Kabati alisikia karatasi ikiwekwa kwenye benchi, ikilainishwa kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha shuka. Mzee wa kabichi alifoka, na kufoka kunazoeleka. Utulivu wa mama huyu ulimwingia mpaka kwenye mifupa.

Injinia alimpeleka mjane chini kwenye gari, akamwomba asubiri, akarudi juu. Alikuwa anaongea taratibu sana, na Mama Kabati aliujua utaratibu ule tangu Injinia akiwa mdogo. Ulikuja kabla ya dhoruba.

"Barua hii nani aliihakiki namba?"

Kidole chake kiligonga barua.

"Nauliza. Aliyesoma namba kutoka kwenye faili ni nani?"

"Mimi," Ndiyo-Mama alisema.

"Ni wewe uliyekosea?"

"Ndiyo," alisema kwa sauti ile ndogo. "Ndiyo, bosi. Ni mimi."

"Basi chukua mkoba wako. Ukija mwisho wa mwezi utakuta chako."

Mama Kabati alisikia kiti kikisogezwa. Alisikia zipu ya mkoba. Ilikuwa rahisi mno. Alichotakiwa kufanya ni kukaa vilevile, kinywa kimefungwa, kwa muda wa mtu kutembea kutoka mezani hadi mlangoni. Miaka minne yake ilikuwa mle ndani ya ukimya ule. Kesho angebandika tangazo jingine. Na jingine. Akawaza jiko la yule mama likibomolewa, sufuria zikitolewa nje, na yeye hapa amekaa akisubiri mlango ufungwe.

"Siyo yeye," alisema. Hakujua kama alisema kwa sauti ya kutosha, akasimama. "Injinia, siyo yeye. Mimi ndiye niliyemtajia namba, naye akakubali kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Na lile kosa la mia na themanini na tatu ni langu. Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Wewe hapo ulipo nakujua kwa sauti. Mwaka mzima sasa."

Injinia akamgeukia Ndiyo-Mama. "Wewe ulijua?"

"Ndiyo," alisema. Na baada ya kidogo akaongeza, bila kuulizwa, "Tangu siku ya kwanza, mama alipozungumza na koti lililotundikwa mlangoni akidhani ni wewe."

Siku nyingine watu wangecheka. Injinia alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Kabati, karibu kabisa, magoti yakikaribia kugusana.

"Siku yangu ya kwanza hapa ulinifunga tai, mama. Mimi sikujua kufunga. Ukaniambia nisimwambie mzee." Akaikunja barua ya mjane. "Mwaka mzima? Makaratasi ya watu unayapapasa mwaka mzima, na ukashindwa kuniambia mimi?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kukaa nyumbani nisiwe mtu wa kitu chochote."

Injinia alinyanyuka, akashuka ngazi, na gari likaondoka na mjane kuelekea kwenye baraza. Mama Kabati alibaki amekaa mpaka mdogo wake alipokuja kumchukua.

Siku tatu zilizofuata alikaa nyumbani akisubiri kufukuzwa. Hakula cha maana. Mdogo wake alimjaribu kwa utani, akashindwa, akarudi kwenye cherehani yake na kushona kwa hasira, akifumua na kushona tena nguo ambayo haikuwa na kosa lolote. Huko ofisini Injinia na vijana wake walikuwa wanafungua kila faili la mwaka ule. Walikuta makosa saba. Matano yalirekebishika kwa kalamu tu. La sita liligharimu safari ndefu na kuomba msamaha. La saba lilikuwa la mjane. Injinia alisimama mwenyewe mbele ya baraza, akaeleza kwamba kosa ni la ofisi yake, na kesi ikarudishwa isikilizwe upya. Jiko, hata hivyo, lilikuwa limeshavunjwa asubuhi ya siku ya pili, saa moja kabla hajafika na barua ya kuzuia.

Siku ya nne alimwita.

"Sitakudanganya," alisema. "Meza ile siwezi kukurudishia. Wala usiniombe."

"Siombi."

"Nataka mtu wa siku nzima, mwenye macho na mwenye msimamo. Umjuaye yupo?"

Alijua akilitaja jina lile, anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. "Yupo. Nilimfukuza."

"Na ile ya nusu siku bado ipo," Injinia aliendelea, akitazama pengine, kwa maana sauti yake ilikwenda upande wa dirisha. "Simu, na kupokea wateja. Watu wanapanda hapa wamechanganyikiwa, hawajui waanzie wapi, na hakuna anayezijua habari za viwanja vyao kama wewe. Karatasi hutagusa hata moja. Asubuhi tu. Kama unaitaka."

Kwa hiyo mtu wa nusu siku aliyekuwa akimtafuta muda wote ule akawa ni yeye. Alisema anaitaka. Hakujua kama amefurahi. Alihisi kama mtu aliyeokolewa majini akaachwa ufukweni bila nguo.

Ndiyo-Mama hakubakizwa. Mama Kabati alimwombea kwa kila neno alilolijua, lakini Injinia hakutikisika, alisema mtu anayejua na kunyamaza atanyamaza tena. Mdogo wake akamsindikiza hadi nyumbani kwa yule mama kijana, chumba cha mwisho kwenye korido iliyonukia mafuta ya taa.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mama Kabati alimwambia pale mlangoni. "Nilikuchagua kwa sababu mbaya. Nilikuona mwoga, nikautumia uoga wako. Umenielewa, mwanangu?"

"Ndiyo mama," Ndiyo-Mama alisema, akafunga mlango taratibu.

Kutoka hapo walikwenda kwenye kibanda cha kopi karibu na posta. Mashine ilikuwa inanguruma. Mama Kabati alisubiri mteja aondoke.

"Nimemwambia," alisema.

"Alisemaje?" ile sauti iliyokwaruza ikauliza.

"Nafasi ni ya siku nzima. Meza yangu. Makabati yangu." Akaishika kaunta ya kibanda. "Nitakuonyesha kila kitu kilipo."

Bibi Mkwaruzo akaizima mashine. "Ngoja nimpigie mwenye kibanda," alisema. "Na wewe ukae, umesimama kwenye jua."

Ilimchukua Mama Kabati wiki sita kumkabidhi ofisi, na kila faili alilolitaja aliliaga kimoyomoyo. Siku nyingine alikuwa anaingia chooni na kulia kwa dakika tano, anaosha uso, anarudi kwenye simu. Wateja wa zamani walimuuliza kwa nini amehamia karibu na mlango, naye aliwajibu waziwazi, kwamba macho yamekwenda, waseme shida yao. Wengine walishusha sauti kana kwamba wamefika msibani. Wengine walimpigia kelele kana kwamba masikio nayo yamekwenda, na hao aliwajibu kwa kelele vilevile mpaka wakajishtukia. Yule mjane alishinda kesi yake ya mpaka, akapita kuwajulisha. Alimsalimia Bibi Mkwaruzo, akamsalimia Injinia, akashuka. Mama Kabati hakusalimiwa, na hakudai.

Saa sita alikuwa huru, na mwanzoni hapakuwa na kitu kilichomtesa kama mchana. Alikaa barazani akisikiliza cherehani mpaka jua linageuka. Ni mdogo wake aliyemburuta, kwa maana halisi ya kuburuta, mpaka kwenye darasa la watu wasioona lililokuwa nyuma ya hospitali. Alipewa kiti, akawekewa mbele karatasi nene yenye herufi za vinundu. Akapeleka vidole juu yake. Ilikuwa kama kupapasa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

"Hapa hamna kitu," alisema baada ya muda. "Vipele tu."

"Unabonyeza sana," mwalimu alimwambia. Naye alikuwa haoni. Mkono wake ukaja ukaushika wa Mama Kabati, ukaunyanyua kidogo. "Gusa tu. Hiyo ya kwanza ina vinundu vingapi?"

Alitulia. Akagusa tena.

"Viwili," alisema. "Kama siyo vitatu."

"Anza upya."